Zamu ya Wifi

Wanawake wawili walishona wakitazamana miaka mingi katika chumba hiki ninachopigia pasi. Mmoja tulimwita Chiriku, na ukimsikia dakika moja huulizi kwa nini. Mwingine ni mke wa kaka yake, nasi sote tukamwita Wifi. Hawakukatizana kamwe. Cherehani ikinguruma, midomo imefungwa; mmoja akifika mwisho wa mshono, mwenzake anasema lake.

Kisha Wifi akapatwa na kiharusi. Alirudi kazini na mkono mzito na ulimi mzito zaidi. Chiriku, maskini, hakuuweza ule ukimya. Akaacha kushona, akasogeza kiti, akawa anauliza na kujijibu mwenyewe.

"Wifi, unaona joto? Eeh, joto kweli. Nifungue dirisha? Haya, nafungua."

Huruma yake ilikuwa ya kweli, lakini ilinipandisha hasira mpaka nikaunguza kola ya mtu.

Jana akasema: "Wifi, cherehani yako tuiuze tu, usije ukajichosha bure? Haya, umekubali." Mdomo wa Wifi ndio kwanza ulikuwa unafunguka.

Leo asubuhi mnunuzi kafika na mkokoteni.

"Muulize tena," nikamwambia Chiriku. "Halafu ushone."

"Nishone nini, nawe?"

"Hilo pazia. Na mdomo ufunge."

Alininunia, lakini aliuliza. Akashona pindo refu la chini hadi mwisho. Akavuta pumzi aseme, nikamwinulia pasi. Akageuza kitambaa, akaanza pindo la juu huku machozi yanamtoka. Cherehani ikanyamaza.

"Siuzi," Wifi akasema.

Chiriku akajifunika uso kwa pazia. "Jamani, wifi yangu, mbona hukuniambia?"

Nilijua sasa atamwagika maneno. Hakumwagika. Alikanyaga cherehani tupu, bila kitambaa, kwa ajili ya ule mngurumo tu, kisha akauondoa mguu.

"Hukuni... ngoja," Wifi akamjibu.

Mnunuzi akakohoa mlangoni. "Kwa hiyo?"

Chiriku akafungua mdomo, akaufunga, akamwonyesha Wifi kwa kidevu. Yule bwana akaelewa, akakaa juu ya mkokoteni wake, akangoja.

"Nenda... salama," Wifi akamwambia. Kisha akalivuta pazia kwa mkono wake mzima, akalitazama kwa makini. Hakuna aliyemharakisha.

"Na hili, wifi... fumua. Limekwenda kombo."