Viongozi Mia Mbili na Kumi na Moja, na Mimi

Matubwitubwi ndiyo yaliyoniponza. Wiki ile vyeo vilipogawiwa nilikuwa chumba cha wagonjwa, mashavu yamevimba mpaka muuguzi ananinywesha uji kwa mrija. Nilipotoka nikakuta shule yetu ya bweni, shule ya kanisa yenye wasichana mia mbili na kumi na wawili, ina viongozi mia mbili na kumi na mmoja. Aliyebaki ni mimi.

Mpango ulikuwa wa mchungaji wa shule. Alikwenda semina ya siku tatu, akarudi na begi jipya na imani kwamba kila msichana ni kiongozi. Huenda ni kweli, mimi sibishi. Lakini vyeo vya kawaida viliisha siku ya kwanza kabla ya chai, ikabidi vitafutwe vingine. Akapatikana kiongozi wa kufungua mlango wa bwalo na kiongozi wa kuufunga, na hao wawili wakanuniana muhula mzima. Akapatikana kiongozi wa bomba la kushoto, kiongozi wa ukimya, kiongozi wa wanaochelewa, kiongozi wa kuangalia kama mvua inakuja. Kila mmoja akapewa beji na kijitabu cha kijani. Ili apande kidato, kijitabu kilitakiwa kionyeshe amemwongoza mtu mara tatu, na kila mara huyo mtu aweke sahihi na aandike maoni. Kisha sheria ikaongezwa: mwenye cheo hawezi kuongozwa na mwenye cheo mwenzake, wasije wakasainiana kirafiki. Na kijitabu kipelekwe ofisini na aliyeongozwa, si na mwenyewe.

Piga hesabu. Mara tatu kwa watu mia mbili na kumi na mmoja, na mwili wenyewe ndio huu mmoja. Wakaniita Raia.

Nikaongozwa mpaka nikakoma. Kiongozi wa foleni alikuwa ananipanga mlangoni pa bwalo, mimi peke yangu, halafu ananiambia nisisukumane. Kiongozi wa ukimya alinifuata maktaba akaniomba nipige kelele kidogo ili apate cha kunyamazisha. Nikapiga. Akanikaripia kwa uchungu wa kweli, kisha akatoa kalamu. Kiongozi wa wanaochelewa alinisihi nichelewe ibada ya asubuhi, na kiongozi wa wanaowahi alinisihi niwahi ibada hiyohiyo, kwa hiyo niliwahi, nikasaini nje, nikazunguka nyuma ya jengo, nikachelewa. Kwenye maoni nilikuwa naandika "nzuri". Siku nikiwa na hasira naandika "nzuri sana".

Haya yote ningeyavumilia. Nisichoweza kuvumilia kilikuwa tangazo la ubaoni: vijitabu vitafungwa Jumapili saa kumi na moja jioni. Jumapili hiyo ndiyo ilikuwa siku ya wageni, saa nane hadi saa kumi, na baba alikuwa amepiga simu ofisini kwamba anakuja.

Baba ni dereva wa lori. Muhula uliopita lori lilimharibikia njiani, hakufika. Likizo nzima alikuwa safarini, nikabaki hapahapa shuleni kwa kukosa wa kunichukua. Tangu mama avunjike mguu hakuna mwingine wa kuja, kwa hiyo ilikuwa miezi minane sijaona mtu wa kwetu. Nilizitaka hizo saa mbili kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Nikaenda kwa mchungaji. Nilimkuta anapanga beji za akiba kwenye boksi la chaki.

"Mchungaji, naomba na mimi cheo. Chochote. Hata cha kuangalia hilo boksi."

Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa nyumba yake inaungua. "Binti, wewe ukipata cheo nani ataongozwa? Wewe ndiye umeibeba programu yote."

"Basi naomba Jumapili nipumzishwe saa mbili tu. Baba anakuja."

Akafikiri, akatikisa kichwa, akaniombea. Alipomaliza akaniambia uongozi wa kweli hauchagui saa.

Jumapili mchana vijitabu themanini na sita vilikuwa bado, kila kimoja kimepungukiwa mara ya mwisho. Wenyewe walikuwa wamejipanga tangu benchi la nyuma ya bwalo hadi kwenye kamba za kuanikia nguo. Baba alikuja ameongozwa na kiongozi wa wageni, kofia mkononi, mfuko wa mkate kwapani. Amepungua. Kabla sijafungua mdomo, kiongozi wa salamu akasimama katikati yetu.

"Sasa mnaweza kusalimiana," akasema.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Huyu ni nani?"

"Saini hapa, Raia," akasema kiongozi wa salamu.

Nikasaini. Akaja kiongozi wa mabenchi, akatuonyesha pa kukaa, tukakaa palepale tulipotaka kukaa. Nikasaini. Akaja kiongozi wa usafi wa kucha. Baba aliwaangalia wote mpaka kwenye kamba za nguo.

"Hawa wote ni wakubwa wako?"

"Ndiyo, baba."

"Na wewe mkubwa wa nani?"

"Hakubaki mtu."

Hakucheka. Alitazama saa yake, akaniuliza wamebaki wangapi, akafikiri kidogo kama anavyofikiria mzigo uliokaa upande. Kisha akasimama. "Jamani, mimi sina cheo hata kimoja. Hata kwenye lori utingo hanisikilizi. Nusu yenu njooni mniongoze mimi, tumalize haraka nikae na mtoto."

Mchungaji akaitwa. Alisoma sheria zake mara mbili, akakuta zimesema "mtu yeyote asiye na cheo". Akakubali kwa furaha kubwa, maana jambo la mzazi kuongozwa halikuwepo hata kwenye semina.

Nilimpenda baba wakati ule. Nikapiga hesabu kwamba saa tisa na nusu tutakuwa tumemaliza, tubaki na nusu saa nzima. Nilichosahau ni kwamba anayeongozwa hakai alipo. Kiongozi wa bomba la kushoto alimtaka bombani. Kiongozi wa nyimbo alimtaka kanisani. Mimi nilikuwa napelekwa bwenini kufundishwa kukunja shuka ambalo nimelikunja miaka mitatu. Mara moja niliona, ng'ambo ya uwanja, baba anamfuata msichana wa kidato cha kwanza mwenye ufagio, anasimama anapoambiwa, anaandika, anamvulia kofia mwingine. Nikampungia. Na yeye akanipungia, halafu kiongozi wa mikono akamwambia aishushe.

Kengele ya saa kumi ililia nikiwa nimebakiza watatu. Nikakimbia mpaka getini. Baba alikuwa ndiyo amemaliza, vidole vyote wino.

"Baba, hatujaongea."

"Mwanangu, kuna jambo nili..."

"Aganeni," akasema kiongozi wa kuagana, saa mkononi.

Tukaagana. Baba alimsainia huyo wa mwisho akiwa amesimama, kijitabu kwenye goti, akaandika muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Akanikabidhi mkate, akaenda.

Wale watatu niliwamalizia palepale getini, na sasa vijitabu vyote, hata alivyosaini baba, nivibebe mimi, si ndiyo sheria. Nilivirundika kwenye benchi nyuma ya bwalo, nalia, hasira imenijaa, na kimoja kikafunguka kwenye maoni. Mwandiko wa baba.

"Huyu wa ukimya kaniambia ninyamaze, na mimi nilikuja kuongea. Mwanangu, mguu wa mama yako umepona, juzi kaenda sokoni bila fimbo."

Nikafungua kingine. "Huyu wa bomba mpole. Mdogo wako kang'oka jino, kasema ulitunze wewe. Limo kwenye mkate." Kingine: "Bomba la kulia nalo zuri. Kuku yule mweupe ndiye tuliyemla, usimuulizie." Vilikuwa vimechanganyika, nikaanza kuvipanga kwa kufuata maneno, kimoja baada ya kingine, mpaka benchi likajaa nikaendelea chini kwenye nyasi. "Nimepewa safari za mbali. Muhula ujao sitakuja, na unaofuata sina hakika. Nilitaka nikwambie tukiwa tumekaa." Kile cha ufagio: "Nimekuona pale ng'ambo. Umerefuka."

Saa ya ofisi ilikuwa inakaribia. Viongozi wakaanza kukusanyika, kwanza wachache, kisha wote, beji kifuani. Kiongozi wa kengele akanisimamia kichwani.

"Raia, zimebaki dakika nne. Vipeleke."

Sikuinua macho. Vilikuwa vimebaki kumi na vitatu, na kile cha kuagana nilikiweka mwisho.

"Kaeni chini," nikasema. "Baba bado anaongea."

Wakakaa.