Saa Apoteza Mdundo

Wenzake walimwita Saa kwa sababu katika miaka ishirini na mitatu ya kupiga dramu hakuwahi kuuwahi mdundo wala kuuchelewa. Jina lilimganda mpaka mkewe naye akalizoea. Kwa hiyo masikio yake yalipoanza kumtupa mkono, miaka miwili iliyopita, alifunga mdomo. Kwanza ulikuja mlio mwembamba usiokatika. Kisha sauti za watu zikaanza kumfikia kama zinatoka chumba cha pili. Sasa, jukwaani, alichobakiwa nacho ni mtetemo tu.

Kwenye gari la bendi alihamia kiti cha nyuma na kujifanya amelala ili asisemeshwe. Wenzake wakaona anaringa. "Saa siku hizi mtu mkubwa," walisema, naye hakuwasikia. Kazi aliiokoa kwa macho: alifuata kisigino cha mpiga besi, mtu mfupi waliyembatiza Mrefu, ambaye mguu wake wa kulia hautulii muziki ukishaanza.

Ukumbi wa mji ule mdogo ulikuwa na jukwaa la kubanana, na nguzo nene katikati yake. Dramu zikapangwa nyuma ya nguzo. Mrefu akapangiwa upande wa pili, asikoonekana. Saa akaomba wazihamishe. Mtunza ukumbi akanyanyua waya wa vipaza sauti vya dramu kumwonyesha ulipoishia; usingefika.

Kiongozi wa bendi, mwimbaji, kaka wa mkewe, akampiga begani. "Shemeji, wewe hata tukikufunga kitambaa machoni unapiga."

Saa aliyasoma maneno mdomoni mwake. Wenzake wakacheka. Akacheka na yeye, amechelewa kidogo.

Nyimbo tatu za kwanza mikono ilijiendea yenyewe kwa mazoea. Kwenye wimbo wa nne watu walikuwa wamechangamka, na shemeji akaamua kurudia kiitikio. Saa hakujua. Alifika mwisho wa wimbo kama walivyozoea kuumaliza, akagonga sahani ya shaba ya dramu, akaweka vijiti mapajani, akanywa maji. Aliposhusha chupa aliona watu waliokuwa wakicheza wamesimama wakimtazama, na shemeji amemgeukia, koo lake bado linacheza. Akarukia tena, akaingia ndivyo sivyo. Mwanamke mmoja karibu na jukwaa akaziba mdomo kuficha kicheko. Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka mlangoni, na Saa hakuwahi kuwa peke yake kiasi kile.

Ndipo Mrefu alipozunguka nguzo, akavuta waya wa gitaa mpaka ukakazana, akasimama mbele ya dramu akiwapa watu mgongo. Akainua kisigino, akakishusha. Saa akaudaka mdundo. Walimaliza onyesho hivyohivyo, nyimbo tisa, mpiga besi akitazama ukuta.

Wakati wa kufungasha, Saa alimshika mkono. "Ulijua?"

Mrefu akatafuta karatasi ya orodha ya nyimbo, akaandika nyuma yake: Tangu mwaka jana.

"Mbona hukusema?"

Mrefu akafikiri, akaandika tena: Nilikuwa nakusubiri useme wewe.

Saa alisoma mara mbili. Mwaka mzima walikuwa wakisimama wakiachana hatua tatu tu, kila mtu na siri ileile tumboni. Hakujua ashukuru au akasirike. Akaikunja karatasi, akabeba dramu yake kubwa kuipeleka garini.

Safari ilipoanza, shemeji alikuja kukaa naye kiti cha nyuma. Hakuwa na hasira; heri angekuwa nayo. Akamgeuzia uso, akasema polepole, kama mtu aliyekwishaelewa.

"Tumalize miji miwili iliyobaki. Mrefu atasimama mbele yako. Baada ya hapo itabidi nitafute mtu."

"Najua."

"Dada yangu anajua?"

Saa akatikisa kichwa. "Anadhani nimemchoka. Ananisemesha nimempa mgongo, simjibu. Akilia akiwa jikoni, mimi ninajuaje?"

"Mwambie, shemeji."

"Nikifika."

Dereva akazima taa ya ndani ili aione barabara vizuri. Mdomo wa shemeji ukapotea gizani. Saa alihisi bega la mwenzake likitikisika dhidi ya lake, pengine kwa mashimo ya njia, pengine kwa maneno. Akangoja kidogo. Kisha, kwa kuwa hakutaka shemeji yake aongee peke yake, akajibu, "Ndiyo."