Kikombe Juu ya Neno

Irmtraud Hessling alikuwa amechoka hadi utosini. Tangu vita viishe, kazi yake ilikuwa kuisoma kwa lenzi mihadhara ya marehemu Profesa Thurnau, mwanafalsafa, na kuitayarisha ichapwe. Sasa kitabu kizima kimekwama kwa neno moja. Bila saini ya mjane hakichapwi, na ile nafasi ya kufundisha chuoni aliyoahidiwa anaikosa.

"Mwaka ule wa thelathini na tatu mume wangu alisema *nie*," alisema mjane huku akimkatia keki ya plamu. "Kamwe hatumfuati Kiongozi. Kula, mwanangu, umekonda."

"Mama Profesa, imeandikwa *nun*. Sasa tunamfuata."

Mwandiko wa kale wa Kijerumani alioutumia Profesa ni vijiti vitupu, e na n zikifanana. Herufi u hutambulika kwa kikombe kidogo juu yake, na i kwa nukta. Hapa kikombe kilikuwapo, tena kimechorwa na mkono usiosita.

"Hicho ni kidoa cha wino."

"Kidoa chenye masikio mawili?"

"Usinifanyie utani nyumbani kwangu, Dokta!"

Irmtraud alitamani kupiga kelele. Mji mzima wa Marburg ndivyo ulivyokuwa! Tangu amani irudi hajakutana na mtu hata mmoja aliyewahi kumwambia Kiongozi ndiyo. Ungedhani zile bendera zake zilijitundika zenyewe madirishani.

"Basi niweke tanbihi," alisema, akijikaza. "Chini ya ukurasa: mjane anasoma vingine."

"Ili wanafunzi wanicheke?"

"Mama, huwezi kujua alisema nini. Mimi nasoma kilichoandikwa."

"Siwezi kujua?" Kisu cha keki kiligonga sahani. "Nilikaa safu ya mbele, we msichana! Alipolitamka tu, mimi ndiye wa kwanza kusimama. Nilipiga makofi hadi pete ikanikata kidole!"

Alishtuka mwenyewe kwa alichokisema. Akakiweka kisu chini.

"Mwanangu Joachim alikuwa kando yangu, bado mtoto. Akaniona napiga makofi, naye akapiga. Alipokua akamfuata Kiongozi vitani, na hakurudi. Niachie hiyo kamwe, mwanangu. Nakuomba."

Irmtraud alimhurumia, na hasira haikupungua hata chembe. Alikusanya karatasi zake, akavaa koti.

"Siwezi, Mama."

"Basi kitabu hakuna."

"Najua," alisema Irmtraud, akaufungua mlango.