Shikamoo ya Stefano

Mwanangu Stefano alikuwa anatengeneza njia ya reli hapa Kintinku mpaka ugonjwa wa miguu ulipomkamata. Leo anatembea, kesho anabebwa kama mtoto. Hata madaktari hawajui kama atapona. Kazini walikuwa wanapunguza watu. Tukaambiwa daktari akithibitisha ulemavu, Stefano atapata mafao. Daktari akikataa, mwanangu ataondoka mikono mitupu.

Siku ya kupimwa aliamka ana nafuu. Badala ya kufurahi, moyo wangu ulishtuka.

"Leo usijitutumue," nikamwambia.

"Mama, nidanganye?"

"Nani kasema udanganye? Wewe kaa tu."

Tukakaa kwenye benchi la hospitali. Akaingia daktari, mzee mwenye mvi. Stefano akasahau yote, akasimama wima kama nilivyomlea, maana mkubwa haamkiwi umekaa.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Kumbe unasimama vizuri!" Akachukua kalamu.

Niliwaza wajukuu watakula nini. Ndipo nikaomba kimoyomoyo: Mungu wangu, aanguke.

Palepale magoti yakalegea. Akaanguka kifudifudi, uso ukapiga sakafu. Daktari akainama, akamfinya miguu, lakini mwanangu hakusikia kitu.

"Basi mama, nitaandika," daktari akasema.

Jioni Evodia, mke wa Stefano, alitenga ugali. "Mama, tuombee chakula."

Nikafumba macho, mdomo ukakataa kufunguka. Niliogopa Mungu bado ananisikiliza.