Fani ya Upanga

Mara ya saba Salhiya alipofuta nguvu za Mnajimu, raba ilitoboa karatasi. Akalitazama lile tundu, akaitazama raba, akaitupa chini ya kitanda. Wallahi alikuwa kashachoka. Ilikuwa Alkhamisi asubuhi, nyumbani kwao Mbweni, na mbele yake palikuwa na daftari la mchezo, dadu nne na kikombe cha chai kilichopoa bila ya kuguswa.

Mchezo wenyewe ni huu, na asieujua asiogope, hauna taabu kuufahamu. Watu wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi: anasema mko mbele ya pango, ndani mna joka, mnafanya nini? Waliobaki kila mmoja ni mtu ndani ya hadithi, na kila mtu ana fani yake. Anasema anachotaka kufanya, anarusha dadu, na dadu ndiyo inayoamua kama amefaulu au amejiaibisha. Salhiya aliutunga mwanzo mpaka mwisho kwa Kiswahili, yeye na shoga yake Mashavu, tangu walipokuwa chuoni wakijitia kusikiliza mhadhara. Fani walizitia tatu. Wa Upanga anapigana ana kwa ana. Wa Dawa anatibu. Wa Nyota, yaani Mnajimu, anasimama mbali na kuteremsha vimondo vya moto kutoka mbinguni.

Hapo kwenye vimondo ndipo palipokuwa na balaa.

Kila Jumamosi adui walitokea, vimondo viliteremka, adui wakawa majivu. Mashavu, mwenye fani ya Upanga, alikuwa akikaa na upanga wake kama mgeni wa harusi aliesahauliwa kupewa chakula. Salhiya alipunguza moto wa vimondo kutoka arubaini hadi thalathini. Haikusaidia. Akaushusha hadi ishirini. Haikusaidia. Akaona basi, dawa ni kuwatia nguvu maadui. Akawaongezea uhai, akawaongezea meno, joka la pango akalinenepesha mpaka mwenyewe akaliogopa. Wapi. Mnajimu aliwamaliza wote, tena akipiga miayo.

Na kilichomtia wazimu khasa ni kwamba nyumbani mchezo ulikuwa sawasawa. Alikuwa akijifungia chumbani, anacheza fani zote tatu peke yake, anarusha dadu za kuanza, anarusha dadu za kupiga, anaandika. Mara arubaini alijaribu. Upanga ulishinda, Nyota ikashinda, Dawa ikaokoa, kila mmoja kwa zamu yake. Mbweni mizani ilikaa. Ikifika Mlandege, mezani kwa wenzake, inapinduka. Sasa huo ni uchawi gani?

Angekuwa na subira zaidi kama si ule ujumbe wa sauti uliokuja usiku wa jana. Mashavu alikuwa kwao Chwaka, akimsaidia mama yake kazi ya mwani, na Jumamosi ndiyo siku yake pekee ya kuja mjini. "Shoga, Jumamosi nnakuja," ilisema sauti yake, "lakini nahisi hiyo ndiyo ya mwisho. Kazi zimezidi."

Salhiya alimpigia hapo hapo. "Kazi gani zilizozidi? Mwani si ule ule?"

Mashavu akaacha visingizio. "Nikwambie kweli? Miezi minane sijachubuka hata ukucha. Nnatoka Chwaka, nnakula kachori, nnamtazama Maalim na vimondo vyake anaunguza watu, nnarudi Chwaka. Hayo hata kwenye televisheni nnayapata."

Maneno hayo yalimchoma Salhiya, na hakuona haya kulia baada ya kukata simu. Mchezo ungeweza kufa, potelea mbali. Lakini tangu kumaliza chuo, Jumamosi ndiyo kamba pekee iliyobaki baina yao. Ikikatika hiyo watakuwa watu wa kutumiana salamu za Idd tu, na Salhiya hakuwa na shoga mwengine wa kumwambia kila kitu. Alikuwa na Jumamosi moja ya kuutengeneza ule mchezo, na raba iko chini ya kitanda.

Walikuwa wakichezea Mlandege, juu ya duka la vitambaa la Tushar, katika chumba kilichojaa majora mpaka darini. Tushar alikuwa na fani ya Dawa, na kwa miezi minane hajamtibu mtu, maana hakuna aliewahi kuumia. Hakulalamika. Alikuwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba halalamiki.

Mnajimu alikuwa Maalim Wakil. Alisomesha hesabu miaka thalathini na nne, Tushar mwenyewe kapita mikononi mwake. Siku moja alipanda ngazi kutafuta kitambaa cha kanzu, akawakuta wanarusha dadu, akauliza, "Huu mchezo gani?" na tangu siku hiyo hana Jumamosi anayokosa. Walimchagulia wao fani ya Nyota. Ya wasomi hiyo, Maalim, walimwambia, inakufaa. Nani angempa upanga mzee wa watu?

Basi Jumamosi ikafika. Mashavu aliingia, akatoa shikamoo kwa Maalim, akaitikiwa marahaba, akakaa pembeni pale pale pa siku zote. Hata daftari lake hakulifungua. Salhiya aliona.

"Mko njiani kwenda pangoni," alianza kusimulia. "Mazimwi sita yametokea kichakani. Mnafanya nini? Haya Maalim, tuanzie kwako."

"Nnateremsha vimondo," alisema Maalim Wakil, akapangusa miwani yake. Manne yakaungua. Tushar akasema yeye hana wa kumtibu. Ikafika zamu ya Mashavu.

"Kaa hapo hapo mwanangu, usiyaendee," alisema Maalim. "Nna kimondo chengine."

"Haya, Maalim."

Kikateremka cha pili, mazimwi yakaisha. Maalim akampigia Salhiya hesabu ya majivu bila ya kuulizwa. Salhiya alibana meno. Ishirini tu za moto, ishirini, na bado mambo yale yale. Angezishusha mpaka kumi? Mpaka tano? Ampe Mnajimu kiberiti?

Bi Indumati, mama yake Tushar, akapanda na sahani ya kachori. Sahani ikawekwa mbele ya Maalim kwanza, kama ada. Maalim akachukua moja. Ikaenda kwa Tushar, ikafika kwa Salhiya, mwisho kabisa ikafika kwa Mashavu, mdogo wao, aliekuta kachori moja iliyopasuka. Akaichukua bila ya neno, na wala hakuna alieona ajabu. Salhiya peke yake alibaki na chakula mdomoni, hatafuni.

Sahani ile ilipita njia ile ile zinayopita zamu za vita.

Maalim, Tushar, halafu Mashavu. Jumamosi zote za miezi minane. Dadu za kuanza, alizokuwa akizirusha chumbani kwake Mbweni mara arubaini, hapa Mlandege hazijawahi kurushwa hata siku moja. Na sheria yote imejengwa juu ya hizo. Wa Upanga ni mwepesi, anaongezewa tano, mara nyingi yeye ndie anaetangulia kuingia kati ya maadui. Na vimondo havichagui, vinaunguza hata mwenzako, kwa hivyo Mnajimu akikuta mwenzake kashaingia inambidi azuie moto wake. Hiyo ndiyo mizani yenyewe. Lakini Mashavu gani atamtangulia Maalim Wakil? Hata zamu yake ikifika, akiambiwa kaa, anakaa. Na aliekuwa akisema "haya Maalim, tuanzie kwako" kila Jumamosi ni nani? Si mwengine ila ni yeye Salhiya, mtunzi wa sheria. Karatasi zote zile kazitoboa bure.

Alimeza kachori. "Maalim," akasema, "joka la pango tulianze kwa dadu."

"Dadu za nini?"

"Za kujua nani anaanza. Imo katika sheria, ukurasa wa tatu."

Maalim akavua miwani. "Kumbe ziko sheria? Mimi nlidhani Mnajimu ndie anaeanza siku zote. Nikawa nnajiuliza, mchezo gani huu usiokuwa na insafu wala haki? Nikasema labda ndivyo mnavyoupenda."

Salhiya alitamani kuinamisha kichwa mezani na asikiinue tena.

"Mwache Maalim aanze," alisema Mashavu kwa upole. "Mimi sina haraka."

"Hapana, utarusha."

"Siwezi kumtangulia Maalim, Salhiya, haielekei."

"Pangoni, Mashavu. Humtangulii mlangoni, unamtangulia kwenye joka. Miezi minane nnafuta na kuandika kwa ajili yako, kumbe muda wote huo wewe unampisha mtu?"

"Na wewe si ndie unaesema tuanzie kwa Maalim?"

Tushar akawasukumia dadu, akasema warushe basi, chai inapoa.

Maalim akapata tisa. Mashavu akarusha kwa ncha za vidole, akapata kumi na saba, na tano zake, ishirini na mbili. Akamtazama Maalim kama anaeomba ruhusa. Maalim akasogeza kikombe chake kando. "Haya mwanangu," akasema, "tangulia."

Mashavu akaingia pangoni. Mwanzo sauti yake ilikuwa ndogo, anaeleza anavyonyatia ukutani; ilipofika kuchomoa upanga alikuwa kashasimama, kiti kimeanguka nyuma yake na hana khabari nacho. Akalipiga joka la ubavuni, kumi na nne. Tushar akapiga makofi. Salhiya naye alicheka, akarusha dadu ya joka huku anacheka, na kicheko kikaishia hapo.

Maana alikumbuka. Joka lile alilinenepesha yeye mwenyewe kwa ajili ya vimondo vya Maalim, wiki baada ya wiki, na meno akalipa ya kumfaa mtu asieguswa. Jino lake lilikuwa arubaini na tano. Uhai wote wa Mashavu ulikuwa thalathini na nane.

Dadu ilikuwa nyuma ya daftari, haionekani na mtu mwengine. Angeweza kusema limekosa. Angeweza kusema kumi, nani atajua? Shoga yake kaja kwa mara ya mwisho, kasimama pale macho yanamng'ara, na yeye ndio amuue kwenye pigo la kwanza? Ulimi ulikuwa tayari kwa uongo. Lakini akaona, huko si ndiko kumwambia tena akae pembeni, asubiri, asichubuke?

"Limekung'ata," akasema. "Arubaini na tano."

"Anazo thalathini na nane," alisema Maalim, ambae hesabu haimpiti. "Limemuua, na saba zimebaki."

Salhiya hakuthubutu kuinua uso.

"Nimekufa?" aliuliza Mashavu.

"Umekufa, shoga. Nisamehe."

"Mimi?"

Na akacheka. Si kicheko cha adabu. Kilikuwa kile cha chuoni, cha kutolewa nje ya darasa, mpaka Bi Indumati akachungulia ngazini kuona kuna nini. "Limening'oa kichwa au limenimeza? Hebu eleza vizuri, usinifiche kitu." Salhiya akaeleza, na kila alipopunguza damu Mashavu alimrudisha aiongeze.

Ikafika zamu ya Mnajimu. "Haya Maalim," alisema Salhiya, "pangoni hamna tena mtu hai. Teremsha vimondo, tumalize."

"Teremsha, Maalim," alisema Mashavu. "Mimi nshakufa."

Maalim Wakil akamtazama kama mwanafunzi aliemletea jibu la kijinga. "Nimuunguze maiti?"

"Mchezo tu, Maalim."

"Nnajua kama mchezo. Lakini huyu ni wetu, na maiti hachomwi."

"Kwetu anachomwa, Maalim," alisema Tushar, "ila si pamoja na joka."

"Kwenu sawa. Huyu wa Chwaka. Nnaingia kumtoa."

Salhiya akamkumbusha kwamba Mnajimu hana silaha, hana ngao, na uhai wake ni kumi na sita tu, akiumwa mara moja kwisha. Maalim akasema amesikia, akarusha dadu. Akaingia pangoni na bakora yake, yeye aliekaa miezi minane bila ya kusogea hatua moja. Joka likamrukia, likamkosa. Likamparura, Tushar akaruka kitini na dawa zake zote za miezi minane, akazimwaga hapo, anasahau hata kuhesabu. Mashavu maiti alikuwa akipiga kelele kuliko walio hai: mshikeni miguu, mshikeni miguu. Maalim akauliza kumburura maiti ni dadu gani, ukurasa wa ngapi. Salhiya akasema haupo ukurasa huo.

"Basi uandike," alisema Maalim, akaendelea kuburura.

Adhana ya alasiri iliwakuta nje ya pango, hoi, Mnajimu kabakiwa na uhai wa mbili. Joka lilikuwa zima kabisa huko ndani. Vita vyote hivyo na hawakuua hata kunguni, na Salhiya alijua Jumapili yake imekwisha: maadui wote kuwapunguza upya, mmoja mmoja, na sura nzima ya mazishi kuitunga. Maalim na Tushar walikuwa bado wanabishana nani atachimba kaburi.

Mashavu alikuwa anajifunga mtandio, anateremka ngazi. Salhiya akamfuata, akamshika mkono.

"Shoga," akasema, "leo ndiyo ya mwisho?"

"Ya mwisho vipi?" alisema Mashavu. "Mnizike mimi sipo? Jumamosi nnakuja na mapema, nimuone nani atalia."