Kidole cha Sita cha Fundi Viatu

Daktari mkuu aliposikia kwamba mkwe wa fundi viatu ni mjamzito, alikuja mwenyewe, fimbo kwapani, akaketi bila kukaribishwa.

"Mzee, huo mkono wako uufiche. Mama akitazama vidole sita, picha inamwingia machoni, inashuka mpaka kwa mtoto."

"Nimezaliwa nacho, daktari. Si cha damu hiki?"

"Kingekuwa cha damu, mwanao angekuwa nacho. Anacho?"

Kweli, mwanawe alikuwa na vitano vitano. Roho ikamchemka fundi. Madaktari hawa hawa ndio waliomwambia marehemu mkewe kikohozi chake ni cha baridi tu, kitapoa. Sasa wanamfuata hadi kidoleni! Na kidole chenyewe ndicho kilichobana uzi wakati vingine vikivuta. Mkewe alikuwa akikishika alalapo, kama mtoto ashikavyo nguo ya mamaye.

Lakini mjukuu alimtaka, na daktari alishasema: asipotii, ahame nyumba hiyo. Basi akashona mfuko wa ngozi laini, akauvaa kutwa kucha. Viatu vikaanza kutoka upogo. Wateja wakamtania.

"Fundi, umeficha nini humo, mkate?"

"Akili za daktari. Nilidhani hazitaenea, kumbe mfuko umebaki mtupu."

Siku ya uchungu alisimama nje ya mlango wa chumba, mfuko umelowa jasho. Mkunga akatoka anacheka.

"Msichana! Na kaja na cha ziada."

Daktari akaitwa. Akaugeuza ule mkono mdogo, akakohoa.

"Mama aliuwaza mno mfuko. Mawazo nayo hupita."

Wakubwa ndivyo walivyo. Hawakosei wao, ni sisi tu tunaowaza vibaya.

Daktari alipotoka, fundi alibaki mlangoni, macho chini, akingoja mkwewe amlaumu.

"Baba, vua hilo gunia," mkwewe akasema. "Mara macho, mara mawazo, kesho atasema paka. Mtoto kamfuata babu yake, basi. Njoo umpokee mkeo."

"Mke mwenyewe kibogoyo!"

"Na wewe una mangapi?"

Fundi akacheka, akavua mfuko, akampakata. Kichanga kikapapasa, kikakikamata kidole cha sita, kikalala nacho.

Kesho yake mfuko ule ulitiwa misumari, na viatu vikanyooka.