Shimo la Chumba cha Nyuma

Shimo lilikuwa chini ya mbao tatu, katika chumba cha mama mkwe wangu. Wazee wa ukoo walilichimba enzi zile sisi Wairaqw na Wamasai tulipokuwa tukinyang'anyana ng'ombe. Unashuka kimo cha mtu, njia ya kutambaa inakata kona, kisha kuna nafasi ya watu kujibanza. Mlango wa pili, uliotokea korongoni, ulikuwa umeshaporomoka. Mimi nililiogopa shimo lile. Nilipodeki, sakafu ilivuma, nami nilimaliza mbio mbio.

Mume wangu Marseli, dereva wa watalii, alikuwa akiikarabati nyumba ili tupokee wageni. Alitaka marumaru kila chumba na shimo lizibwe.

"Weka marumaru utakavyo," mama akamwambia. "Mlango wangu usiuzibe."

"Mlango wa kwenda wapi, mama? Siku hizi tunaoana na Wamasai!"

Ni kweli, tunaoana nao, na mnadani tunauziana mbuzi. Lakini hofu ya utotoni haisikii hoja. Nilipoolewa Rhotia, mama alinifundisha kama alivyofundishwa yeye: ukisikia Kimasai uani, shuka, rudisha mbao, ukae kimya. Ukiitwa usiitike, hata kwa sauti ya mwanao, maana mateka hulazimishwa kuita.

Marseli akangoja asubuhi ya sala za jumuiya. Nilimwambia, "Baba Patrisi, mama yako amekataa." Akanijibu kwamba mama akirudi atakuta kazi imeisha, na lililokwisha halina ubishi. Akampandisha mama bodaboda, akawaita vibarua wawili kutoka Nainokanoka. Mkubwa wao, Sairowua, alinisalimu kwa adabu. Niliwaacha uani wakishusha kifusi huku wakipiga soga kwa Kimasai, nikaenda mashineni kusaga.

Niliporudi, niliona ndala za mama kwenye mlango wa jikoni. Nikakimbilia chumba cha nyuma.

"Mama yuko wapi?"

"Si yuko jumuiya," Marseli akasema, jasho likimtiririka. Kifusi kilikuwa kimefika magotini mwake, ndani ya shimo.

"Ndala zake ziko hapa!"

Tulitazama jikoni, chooni, zizini. Hakuwepo. Rozari aliyokuwa ameisahau kitandani asubuhi haikuwepo pia.

"Nilimulika tochi kabla ya kumwaga," Marseli akasema. "Hakukuwa na mtu."

"Ulimulika kona?"

Akapiga magoti, akaita, "Mama! Mama!" Kimya.

"Unaona? Hayumo," akasema, akinitazama kama mtoto anayeomba nimkubalie.

"Haitiki, Marseli! Mwenyewe alisema hataitika!"

Nilitamani mno kuamini kwamba yuko kwa jirani anakunywa chai. Nilisikiliza mpaka masikio yakaniuma. Angekuwa mzima angenyamaza, na angekuwa amekufa angenyamaza vilevile.

Sairowua aliliweka shuka lake pembeni na kuingia shimoni bila kuambiwa. "Mama, leta karai," akaniambia. Tukachimba. Mwenzake akataka kusema jambo kwa Kimasai, nikamkemea anyamaze, asije akamtia mama hofu zaidi. Hewa ya mle ndani ingetosha kwa muda gani? Nilishindwa hata kusali, nikabaki kutaja jina la Yesu tu. Marseli alikuwa akilia huku anachimba, na sikumhurumia.

Pale konani udongo uliporomokea ndani, tundu likafunguka. Sairowua akanipa tochi, akajivuta nyuma asionekane. Nikamulika.

Mama alikuwa ameketi mwishoni kabisa, amejaa vumbi, rozari mdomoni, ameing'ata asikohoe. Macho yalikuwa wazi. Akayapepesa.

Marseli akajipenyeza mbele yangu na beleshi lake. "Mama, ni mimi!"

Mama akaitoa rozari mdomoni polepole. Hakunitazama mimi wala tochi. Alilitazama lile beleshi, kisha akamtazama aliyelishika.

"Siku zote nilidhani watakuwa wao," akasema. "Kumbe ni wewe."